Damu Safi ya Jemadari

Jumamosi, 8 Februari 2025

Kibao kimefika. Kizuri! Herufi nyekundu juu ya rangi nyeupe: MWALUGHA SHEPADI, DAMU SAFI. Mchoraji ameongeza kichwa cha mbwa, ingawa kinafanana zaidi na mbuzi aliyekasirika. Nimekisimamisha kando ya barabara ya Taveta, pale malori yanapopunguza mwendo kwa sababu ya tuta. Hapa Mraru hakujawahi kuonekana kitu kama hicho.

Branice, mke wangu, ametoka na beseni la nguo, akasoma, akauliza safi kivipi. Nimemweleza kwamba Jemadari ni German Shepherd kamili, wale wa polisi, na hana hata tone la mbwa koko. Akasema hajauliza kuhusu Jemadari. Ameuliza mama wa hao watoto watakaouzwa ni nani. Nikajifanya nanyoosha kibao.

Mama ni Neema. Neema ni binti ya Jemadari. Hapo ndipo utamu wa mpango ulipo! Chai ukiizidisha maji inapoteza rangi. Mimi siongezi maji. Jemadari kwa bintiye, kisha kwa mjukuu wake, mpaka watoke wote sura moja, masikio wima, mgongo mweusi. Meneja wa kambi moja ya watalii upande wa Tsavo amesema anataka mbwa wanaofanana kama askari wa gwaride. Atawapata. Nitaacha kazi ya stoo kule shamba la mkonge, na yule msimamizi atabaki kuhesabu kamba zake mwenyewe.

Jumatano, 12 Februari

Neema ameingia joto. Wakati mzuri kabisa!

Lakini jirani amenusa. Simaanishi mbwa wake, namaanisha Mzee Amolo mwenyewe. Alistaafu reli, akanunua ploti hapa badala ya kurudi kwao Siaya, na sasa kilichobaki kumfanyia kazi ni macho. Amesimama upande wake wa ua wa mkonge, akanisalimia kwa upole ule wake unaoudhi, akasema ana dume lake Reli, shepadi pia, aliyeletwa mdogo kutoka Kisumu. Hana undugu wowote na mbwa wangu. Anamtoa bure. Akipenda Mungu, nimpe mtoto mmoja tu wa kike.

Bure! Mtu akikupa kitu bure hapa, miaka yote utamwamkia kwa kuinama. Isitoshe, huyo Reli aliwahi kupelekwa Mombasa kwa pikapu kupigwa picha ya nyonga. Mbwa kupigwa eksirei, na sisi binadamu tunapanga foleni! Nimemwambia Mzee nitafikiria. Sitafikiria.

Jumatatu, 17 Februari

Daktari Elsie, wa mifugo, amekuja kuchanja. Branice akamkalisha jikoni, na kwa chai na mandazi wakanifanyia njama.

Daktari ameeleza taratibu, kama anayesomesha darasa la tatu. Kwamba kila mbwa hubeba kasoro zilizojificha, hata aliye mzuri. Akikutana na mgeni, kasoro za huyu hufunikwa na uzima wa yule. Baba na binti wamebeba kasoro zilezile, kwa hiyo zinakutana, na watoto ndio wanaozilipa. Akasema hata damu ya nje si dawa ya kila kitu, lazima kwanza umpime dume, nyonga zake na tabia yake, na Reli amepimwa. Nikamuuliza kama Mzee Amolo ndiye aliyemtuma. Hakucheka.

Branice amengoja Daktari aondoke. Huyu Neema kwake si wa biashara. Mama yake alipokufa, Branice ndiye aliyemlea ndani ya boksi la sabuni kando ya jiko, kwa maziwa ya mbuzi na kitambaa. Mpaka leo Neema hulala mlangoni mwa jikoni, na Branice akienda kuteka maji wanaenda wote. Akanikumbusha kwamba yeye mwenyewe nilimtoa Malava. Nilipita Voi yote, nikapita Nairobi, nikapita Nakuru, nikaenda kuoa Malava kwa Waluhya, na binti yetu Valentine hajawahi kuugua zaidi ya mafua. Nikamwambia hao ni watu.

Akasema, "Baba Valentine, niahidi. Usimwingize Jemadari kwa Neema."

Nimeahidi. Nimeahidi vizuri sana, kwa mkono kifuani.

Jumamosi, 22 Februari

Siku kubwa! Tulikuwa Makwasinyi, nyuma ya Kasigau. Shanice, binti ya kaka yangu Nicholas, ameposwa na kijana wa huko anayeitwa Noah. Kwetu hakuna kitu kinachopokelewa mpaka pande mbili zikae zitajiane mababu na mabibi, kuona kama damu zinakutana mahali. Mimi ndiye baba mdogo mwenye mdomo, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu.

Niliifanya! Nilipanda na ukoo wao mpaka wazee wao wenyewe wakaanza kutoa jasho. Hapo ikatokea kwamba bibi ya Noah alizaliwa Mbololo, kama bibi yetu. Shanice akashika mkono wa mamake. Nikasimama, nikasema hata kama kimanga cha karamu kimeshaiva na wageni wamevaa, kama wana undugu hakuna harusi. Nikawaambia vijana kwamba ndugu wakizaana, wanaoumia ni watoto, na watoto hawakuombwa ruhusa. Baadaye ikabainika wale mabibi walitoka maboma mawili tofauti yaliyofanana jina. Vigelegele! Shangazi mmoja alinishukuru huku analia. Nicholas alisema baba angekuwa hai angejivuna.

Branice aliniangalia kwa jicho la furaha. Nadhani aliamini kwamba ile hotuba ilikuwa ya kwake.

Wanawake wanalala huko mpaka kesho. Mimi nikasema mgongo umeumizwa na barabara, nikarudi mapema kwa gari la mchungaji. Nimefika jua bado liko juu. Nimefungua mlango wa banda, nikamwingiza Jemadari kwa Neema.

Neema alinitazama kwanza. Nimeangalia pembeni. Kazi imekwisha.

Jumatatu, 3 Machi

Branice ameuliza mara kadhaa lini nitampeleka Neema kwa Reli. Nimengoja mpaka joto limepita kabisa, ndipo nimempeleka leo, mchana, mbele ya watu wote. Akili hiyo!

Reli amemnusa, akapiga miayo, akaenda kulala chini ya mpapai. Mzee Amolo ameangalia mbwa, kisha akaniangalia mimi. Akasema Neema amechelewa, au kuna aliyewahi. Nikasema labda Reli amezeeka. Akasema Reli ana miaka minne.

Nimemwomba asimwambie Branice. Akanijibu kwamba yeye hapeleki maneno kwenye nyumba za watu, lakini akiulizwa hatadanganya. Afadhali angenitukana. Nimerudi nyumbani nikamwambia Branice mambo yameenda sawa. Amepika kuku.

Jumapili, 30 Machi

Tumbo la Neema limekua. Meneja wa kambi amepigiwa simu na anangoja kwa hamu. Branice ameshona godoro dogo la magunia. Kanisani ameomba niombewe kwa sababu nimekuwa mtu wa kusikiliza. Waumini wote wakageuka wakanipungia mkono. Nimetoka kabla ya sadaka.

Jumamosi, 26 Aprili

Wamezaliwa! Saba! Wote mgongo mweusi, wote sura moja, kama waliotolewa kwenye kalibu ya matofali. Nimeruka juu. Nimempigia meneja, nimempigia Nicholas, nimempigia hata yule msimamizi wa mkonge nikamwambia ajiandae kutafuta mtu wa stoo.

Branice anasema hawanyonyi vizuri. Mmoja anatoa maziwa puani. Nimemwambia ni uchanga.

Jumatatu, 28 Aprili

Si uchanga.

Daktari Elsie amewafungua midomo mmoja mmoja kwa kidole. Watano kaakaa limepasuka. Maziwa yanapanda puani na kushuka kwenye mapafu badala ya kwenda tumboni. Mwingine ni mzima mdomoni lakini hana nguvu hata ya kutafuta titi. Neema anawalamba, anawasukuma kwa pua wakae sawa, wanaanguka tena. Anatuangalia kama kwamba sisi tunajua la kufanya.

Daktari ameuliza baba yao ni nani. Branice akajibu upesi kwamba ni Reli wa Mzee Amolo. Mzee Amolo alikuwa amesimama pale uani, amekuja na kopo la maziwa ya unga. Alitazama viatu vyake. Ni hivyo viatu vilivyonishinda.

Nikasema, "Si Reli. Ni Jemadari."

Branice hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Ameuliza lini, nikasema siku ya Makwasinyi. Akarudia, "Siku ya Makwasinyi," polepole, kisha akaingia jikoni kuchemsha maji ya maziwa. Najua kilichokuwa kinapita kichwani mwake. Alikuwa anasikia hotuba yangu.

Jumapili, 4 Mei

Wamekufa sita. Wawili Daktari aliwalaza mwenyewe kwa sindano, kwa kuwa walikuwa wanazama kwa maziwa. Wengine walijiendea, mmoja mkononi mwa Branice aliyekuwa amesinzia kitini, dropa ya maziwa bado mdomoni mwa mtoto. Nimewazika nyuma ya choo, chini ya mchongoma. Nimechimba peke yangu. Ardhi ya Mraru ngumu, na nilitaka iwe ngumu zaidi.

Nimejuta. Naandika hapa kwa sababu hapana mwingine wa kumwambia. Walikuwa wadogo, na walikuwa na masikio mazuri. Hawakuombwa ruhusa. Hayo maneno nilisema mimi, na watu wakapiga vigelegele.

Neema ameenda akayafukua magunia, akaenda mchongomani, akaanza kuparua. Nimemfukuza. Amerudi. Nimeketi naye pale mpaka amechoka.

Nimekiteremsha kibao na kuziba nacho tundu la paa la banda. Meneja wa kambi amepata mbwa Mombasa.

Amebaki mmoja, wa kike. Branice amemwita Tumaini.

Jumapili, 29 Juni

Neema ameondoka, wiki ya tatu sasa.

Jumapili ya tarehe 8, baada ya kanisa, Branice alichukua kamba, akamfunga Neema shingoni, akapita naye kwenye mwanya wa ua wa mkonge. Nilidhani anamtembeza tu, lakini alirudi na kamba tupu. Nikauliza. Akaendelea kuchambua mchicha. Nikauliza tena, kwa sauti ya mwenye nyumba.

Akasema, "Sijamuuza. Nimempeleka mahali ambapo mtu akiahidi, ameahidi."

Nikamwambia basi angempeleka na Tumaini. Akasema hapana, Tumaini atabaki na mimi, ili nimwone anavyotembea.

Nimemwona. Nyonga za nyuma zimelegea. Anakimbia hatua chache, sehemu ya nyuma inaenda njia yake, anakaa chini ghafla na kujifanya kwamba alitaka kukaa. Kila mara anajifanya hivyo. Daktari Elsie amesema ataishi, akitunzwa asinenepe, lakini asizae kamwe. Amejitolea kumfunga kizazi atakapofika umri.

Mzee Amolo alikuja jioni ile kusema hataki ugomvi, na kwamba Neema ni wangu siku yoyote Branice atakaposema. Nilikataa kumkaribisha. Kesho yake nilienda stoo, nikajifungia kati ya marobota ya mkonge, nikalia kama mtoto wa shule. Msimamizi alipogonga nikasema ni vumbi.

Nimeamka mara ngapi mwezi huu nikaenda mlangoni mwa jikoni na mabaki ya ugali, nikakuta sakafu tupu? Branice naye anaona. Anachukua sahani mkononi mwangu, anaosha.

Jumapili, 23 Novemba

Sijaandika siku nyingi. Hakukuwa na la kuandika. Nimeenda kazini, nimerudi, nimembeba Tumaini asubuhi kumpeleka juani kwa sababu baridi inamkaza miguu. Ananizoea. Akiniona na viatu vya kazi anaanza kulia.

Lakini wiki hii ng'ambo ya ua kuna makelele. Neema amezaa kwa Reli. Mzee alimngojea joto lake, akamwita Daktari kwanza ampime, ndipo akawaweka pamoja. Wanane, wote wanapigania titi kama abiria wa krismasi. Branice hushinda huko. Hurudi na harufu ya maziwa kwenye kanga, anaimba, na akifika mlangoni kwangu ananyamaza.

Nimechungulia kwenye mwanya. Rangi zao hazifanani. Mmoja kifua cheupe, mwingine kahawia. Askari wa gwaride hawawi hivyo! Hata hivyo nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Neema aliniona. Alipunga mkia, akaja mpaka kwenye mkonge, akapitisha pua. Sikustahili hiyo pua. Nimeishika kwa muda mrefu.

Jumapili, 18 Januari 2026

Sijui nianzie wapi. Siku nzuri kuliko zote tangu mwaka jana!

Mzee Amolo aliniita kwa jina langu kwenye ua, Bwana Crispus, njoo. Nikaenda. Mara ya kwanza kuvuka. Amenipa kiti, amenipa uji, na mimi nikanywa bila kutafuta kasoro. Kisha akaniwekea mtoto wa mbwa mapajani. Dume. Kifua cheupe, miguu minene, anauma kila kitu. Jina lake Injini. Mzee akasema ni wangu.

Nikauliza nimlipe nini. Akasema, "Mtunze tu, jirani. Neema angependa mmoja abaki karibu na wewe."

Nimelia mbele yake. Sikuona hata haya. Nimemwomba msamaha kwa Reli, kwa ule uongo wa uzee, kwa miaka yote ya kumwamkia kwa pembeni. Akasema yameisha, akanipigapiga goti kwa ule mkono wake mkubwa wa kuvuta breki.

Branice alituona tukija na mtoto kwapani. Alicheka. Kicheko kile cha Malava, kinachotoka tumboni! Ametandika gunia mlangoni mwa jikoni, mahali palepale. Tumaini akaja kwa mwendo wake wa kukaa na kuinuka, akamnusa Injini, akalala kando yake. Injini akamlalia mgongoni. Branice akasema wanajuana hao, mama mmoja.

Nimekubali kwa kichwa. Lakini nimekuwa nikiwaza tangu hapo. Nimeelewa sasa. Nimeelewa kabisa yale yote Daktari Elsie aliyokuwa akisema! Kosa langu lilikuwa kukosa damu ya nje. Na damu ya nje ndiyo hii, imelala jikoni kwangu, imetoka Kisumu, imepigwa eksirei Mombasa. Injini ni wa Reli. Tumaini ni wa Jemadari. Baba wawili, na mtoto ni wa ukoo wa babake, kila mtu anajua hivyo. Huyu analeta nyonga ngumu, yule analeta mgongo mweusi. Safari hii hakuna wa kunilaumu, hata Daktari mwenyewe atanipa mkono.

Amepiga simu, Daktari, kuuliza ile siku ya kumfunga Tumaini kizazi. Nimemwambia tungoje kwanza mvua ipite. Akauliza mvua gani. Mtandao ukakatika, kwa sababu niliukata.

Jioni Branice amenimiminia chai, akaketi kando yangu kwenye benchi, jambo ambalo hajafanya tangu Aprili. Tumewatazama wakilala. Amenishika bega, akasema anaona nimebadilika. Nimefurahi. Nimemwambia ndiyo, nimebadilika.

Kesho nikitoka kazini nitabomoa ukuta wa katikati ya banda, hawa wawili wakue pamoja, wazoeane mapema.